Chombo Unachonywea Chaweza Kukulevya Upesi

Katika baa za hoteli za Diani, wiski huletwa kwa glasi fupi yenye mdomo mpana. Katika mangwe za vijijini Kwale, tembo la mnazi hunywewa kibuyuni kwa mrija. Je, msomaji, wajua kwamba chombo hubadili ladha ya kinywaji na hata kiasi unachokunywa?

Kazi ya pua

Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hutokana na harufu. Glasi yenye mdomo mpana huiacha harufu ya wiski ipotee hewani. Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba huikusanya, na ndiyo maana waonjaji wa Scotland huipenda. Usitumbukize pua ndani, kwani mvuke wa kileo huchoma. Ongeza maji kidogo, kisha unywe polepole.

Kibuyu na mrija

Mrija una kichujio nchani, kinachozuia nyuki na takataka. Hata hivyo, kibuyu kinachotumiwa kila siku hubaki na hamira ya asili, hivyo tembo lililogemwa asubuhi likiwa tamu huwa kali ifikapo jioni. Tena, ndani ya kibuyu huoni umekunywa kiasi gani.

Macho nayo hudanganyika. Mwaka 2012, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waligundua kuwa bia iliyotiwa katika glasi iliyonyooka ilimalizwa kwa dakika 11 hivi, lakini katika glasi iliyopinda ilimalizwa kwa dakika 7 tu. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba katika glasi iliyopinda ni vigumu kukisia nusu yake.

Hesabu yako

Mililita 30 za wiski yenye kileo cha asilimia 40 zina mililita 12 za kileo halisi. Tembo lililofikia asilimia 5 lina kiasi hicho hicho katika mililita 240, yaani bilauri moja tu.

Kwa hiyo, zingatia haya:

• Pima kinywaji kabla ya kukimimina. Usikisie kwa macho.

• Usihifadhi wiski katika chupa za kioo chenye madini ya risasi. Risasi huyeyukia kinywajini, nayo ni sumu.

• Usinywee wala kuhifadhia kinywaji katika mtungi uliowahi kutiwa dawa ya wadudu au petroli, hata ukiwa umeoshwa.

• Ukishakunywa, usiendeshe gari katika barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga. Hakuna glasi inayopunguza kileo kilichokwisha kuingia mwilini.