Jaribuni Mashine ya Kuangulia Kabla ya Kutia Mayai



Baadhi yenu katika skimu za Borabu, kama Nyansiongo, Lietego na Mekenene, na pia huko Kisii, mnazo mashine za kuangulia mayai. Wengine mnafikiri kununua. Mashine hii hufanya kazi ya kuku anayeatamia: huweka joto la digrii 37.5 hivi, mchana na usiku, kwa siku 21. Lakini kuku hahitaji umeme. Mashine inauhitaji, na hapo ndipo hasara huanzia.

Ndani ya mashine nyingi za siku hizi mna chipu ndogo iitwayo maikrokontrola. Hiyo ndiyo msimamizi. Husoma kipimo cha joto, kisha huwasha au kuzima hita. Umeme wa nyumbani ni volti 240, lakini chipu hupewa volti 5 tu, au 3.3.

Umeme ukikatika kabisa, kila mtu huona. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na mwenye mayai alijua mara moja kwamba ana shida. Hatari iliyojificha ni umeme unaolegea, taa zinapofifia wakati wa radi au mashine ya posho ya jirani inapoanza kuzunguka. Volti za chipu zikishuka kidogo, chipu haizimiki. Huwa kama mtu mwenye usingizi aliyepewa hesabu: huenda ikakosea, au ikaganda hali hita inawaka. Joto likifika digrii 40 na kukaa huko, vifaranga wengi hufia ndani ya mayai.

Kwa sababu hiyo mtengenezaji mwangalifu huweka walinzi watatu.

Wa kwanza hupima volti za chipu. Zikishuka mno, huisimamisha chipu mpaka umeme uwe mzuri tena, na hita hukaa imezimwa. Katika ATmega328P, chipu ya bodi za Arduino Uno, kiwango hicho chaweza kuwekwa volti 4.3, 2.7 au 1.8. Lakini chipu hiyo hutoka kiwandani mlinzi huyu akiwa amezimwa. Fundi asipomwasha, ni kana kwamba hayupo.

Wa pili ni kama msimamizi wa askari wa usiku. Programu lazima impe ishara kila baada ya muda mfupi. Ikinyamaza, huianzisha chipu upya.

Wa tatu ni thamostati ya pili isiyotegemea chipu. Hukata hita joto likizidi, hata kama swichi ya hita imeganda.

Sasa, kabla ya kutia mayai, fanyeni hivi:

1. Wekeni chupa za maji ndani na kipimajoto chenu wenyewe. Washeni mashine kwa siku moja, mkaone kama vipimo viwili vinapatana.

2. Zimeni swichi ya ukutani kwa sekunde 10, kisha washeni. Rudieni mara kadhaa. Mashine irudi kwenye joto lililowekwa, bila kusahau hesabu ya siku.

3. Zimeni kwa nusu saa. Kengele ilie. Kengele isiyo na betri yake haiwezi kulia umeme ukienda.

4. Mwambieni fundi achomoe waya wa kipimo cha joto mashine ikiwa imezimwa, kisha aiwashe. Hita isiwake.

5. Fundi pia ashushe volti polepole kwa transfoma ya kurekebisha, na awaonyeshe thamostati ya pili ikikata.

Msifungue kifuniko wenyewe. Volti 240 huua.

Muuzaji akikataa majaribio haya, msitoe fedha. Trei kumi ni mayai 300. Heri kupoteza siku mbili kwa kujaribu kuliko kungoja siku 21 na kufungua mlango mkute mayai yaliyooza.