Jinsi ya kukarabati bafu lako mwenyewe bila kutumia fedha nyingi

WATU wengi wanapopata vijisenti vya kukarabati bafu, jambo la kwanza huwa ni kukimbilia dukani kununua vigae vya kupendeza na kioo kikubwa. Miezi michache baadaye vigae huanza kung'oka, rangi hubambuka, nazo fedha zimekwisha.

Mara nyingi, kinachoharibu bafu ni maji yanayopenya yasikostahili. Mwenye bajeti ndogo hana budi kushughulikia maji kwanza, urembo baadaye.

Anza kwa kutafuta uvujaji. Usiku, hakikisha tangi la paani limejaa iwapo unalo, funga mifereji yote kisha uandike tarakimu za mita ya maji. Asubuhi, kabla ya yeyote kutumia maji, isome tena. Tarakimu zikiwa zimesonga, kuna mahali panapovuja.

Baada ya hapo, tia matone ya rangi ya chakula katika tangi la choo na usubiri nusu saa bila kuvuta maji. Ukiiona rangi hiyo ndani ya bakuli la choo, mpira wa kuziba maji umechakaa.

Mpira huo, sawa na ule wa mfereji unaodondoka, si ghali, na waweza kuubadilisha mwenyewe kwa spana baada ya kufunga koki kuu. Viungo vya mabomba vizungushie utepe mweupe wa mafundi, ukifuata upande ule ule wa kukazia ili usifumuke.

Iwapo tangi la choo ni la zamani na kubwa, weka ndani chupa ya lita 1.5 iliyojazwa maji, mbali na boya. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia choo mara 4 kwa siku, itaokoa lita 30 kila siku, yaani lita 900 kwa mwezi. Choo kikishindwa kusafishika vyema, iondoe.

Sasa geukia sakafu. Mwaga ndoo ya maji utazame yanakoelekea. Yakituama pembeni, mteremko hautoshi. Sakafu ya bafu yafaa kushuka kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji.

Kutandika vigae vipya juu ya sakafu yenye kasoro hiyo ni kuficha ugonjwa. Kwaruza sakafu ya zamani ili saruji ishike, kisha uisawazishe kwa mchanganyiko wa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 3, ukitumia pimamaji. Ikishakauka, paka dawa ya kuzuia maji sakafuni na kwenye kuta za sehemu ya kuogea.

Ili usinunue vigae kupita kiasi, piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Sakafu ya mita 1.5 kwa mita 2 ina ukubwa wa mita 3 za mraba. Vigae vya sentimita 30 kwa 30 vitakavyohitajika ni 34. Ongeza asilimia 10 kwa vitakavyovunjika au kukatwa, nawe utanunua 38.

Hata hivyo, si lazima kila kigae cha zamani king'olewe. Kigonge kwa kidole. Kikitoa mlio wa uwazi, kimeachana na sakafu na yafaa kibadilishwe. Vilivyoshika imara vikwangue mianya tu, kisha uijaze upya kwa saruji nyeupe ya vigae. Kazi hii ya siku moja yaweza kulifanya bafu lionekane jipya.

Kuta zisizorushiwa maji zatosha kupakwa rangi ya mafuta. Kwangua kwanza rangi ya zamani, ondoa kuvu na uache ukuta ukauke kabisa. Aidha, hakikisha dirisha linafunguka, la sivyo kuvu itarejea.

Unaposafisha madoa sugu, usichanganye kamwe asidi na dawa yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu ambayo katika chumba kidogo yaweza kuua.

Hatari nyingine ni umeme. Shawa inayopasha maji moto papo hapo hutumia umeme mwingi na huhitaji waya wake maalumu pamoja na waya wa kupeleka umeme ardhini. Ukihisi mtetemo wa umeme unapogusa mfereji, zima swichi kuu na usioge hapo hadi kasoro itakaporekebishwa.

Hapa ndipo kujifanyia kazi mwenyewe kunapokoma. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kuweka nyaya za umeme ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya EPRA. Kwa hivyo, tenga fedha za fundi huyo kabla ya kununua hata kigae kimoja.

Kwa mpangaji, ni busara kupata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi na kukubaliana naye ni nani atakayelipia vifaa.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mpira uliochakaa na mwanya kati ya vigae ndizo nyufa za bafu. Zizibe kwanza, kisha kile kitakachosalia ukitumie kununua kioo.