Kelele Zinazosafiri Ndani ya Waya wa Stima

HEBU msomaji, fanya jaribio hili dogo leo. Washa redio upande wa AM na uitege mahali pasipo na stesheni. Kisha chomeka chaja ya kompyuta, hasa ile ya bei ya kutupa, katika soketi iliyo karibu. Huenda ukasikia mngurumo papo hapo. Ukiichomoa, kimya.

Kelele hizo zinatoka wapi? Chaja za kisasa hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Vishindo vya ukataji huo hurudi ukutani kupitia plagi iyo hiyo, na nyaya za nyumba nzima zikageuka antena.

Ndiyo maana printa, skrini na vifaa vingine vya kompyuta hupimwa kabla ya kuuzwa katika nchi nyingi. Viwango huandikwa na kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, iliyoundwa mwaka wa 1934 kwa ajili ya kulinda redio. Kelele za waya hupimwa kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30, yaani kule kule redio za masafa ya kati na mafupi zinakosikika.

Upimaji wenyewe unahitaji subira. Printa huwekwa juu ya meza isiyopitisha umeme, yenye kimo cha sentimita 80. Haipimwi ikiwa imelala: huunganishwa na kompyuta na kuamrishwa kuchapisha. Ikiwa ni skrini, kwa miaka mingi imekuwa ikijazwa herufi H tupu! Kati ya plagi na stima huwekwa kisanduku maalum. Kisanduku hiki huzuia uchafu wa umeme wa jengo usiingie katika hesabu, na hufanya maabara ya hapa na ya ng'ambo zipime kwa mizani moja.

La kupendeza ni kwamba mtambo wa kupimia umeundwa kuiga sikio la binadamu. Mlio wa mara moja moja hauhesabiwi sawa na mngurumo usiokoma, kwa kuwa msikilizaji hukerwa zaidi na huo wa pili.

Kati ya megahezi 5 na 30, kifaa cha nyumbani hakiruhusiwi kupita milivolti 1 kwa kipimo hicho. Linganisha na volti 240 zilizo ukutani mwako.

Sheria hizi zina meno. Marekani ilipitisha kanuni za kelele za kompyuta mwaka wa 1979. TRS-80 Model I, iliyokuwa imeuzwa kwa wingi tangu 1977, haikuweza kuzitimiza, na mwaka wa 1981 ikaondolewa sokoni. Awali, baadhi ya wenyewe walikuwa wakiweka redio kando yake makusudi, ili kelele hizo ziwe sauti za michezo!

Kinachotuliza kelele ni koili na kapasita chache karibu na mahali umeme unapoingilia. Mwenye tamaa akiziacha, chaja itafanya kazi vilevile na hutagundua dukani. Usitegemee alama ya CE pekee. Kwa bidhaa nyingi kama hizi, mtengenezaji huibandika mwenyewe. Afadhali uende dukani na karedio kako ka AM, uombe chaja ichomekwe, usikilize kabla ya kutoa pesa.