Mwezi haujaandama, jogoo keshachinjwa

Jioni ya siku ya 29 ya Ramadhani kisiwani Mafia, wanaume hutazama juu na wanawake hutazama chini. Wanaume wapo ufukweni wakiutafuta mwezi. Wanawake wapo uani wakimtazama jogoo aliyefungwa mguu kwenye mnazi. Swali ni moja: achinjwe leo, au aongezewe siku moja ya kuishi?

Si swali dogo kwa nyumba isiyo na friji. Ukichinja mapema na mwezi usiandame, kuku wa sikukuu anageuka kuwa kitoweo cha futari, na asubuhi ya Idi watoto wanauliza nyama iko wapi. Ukisubiri mpaka Mufti atangaze, unaweza kujikuta unachinja usiku kwa tochi ya simu. Hapo ndipo jogoo hukata kamba, na mtaa mzima wa Kilindoni ukaamka kumkimbiza. Anayemkamata hudai paja.

Wazazi wa Mafia wasidhani wako peke yao. Huko Marekani, katika Sikukuu ya Shukrani inayoangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, familia huoka bata mzinga mzima, ndege wa kilo sita, saba au zaidi. Kila mwaka wapo wanaomtoa kwenye friza asubuhi ileile na kumkuta mgumu kama jiwe. Bata wa kilo sita huhitaji kama siku tatu ndani ya friji ili barafu iyeyuke. Wengine humwoka wakiwa wamesahau kutoa mfuko wa maini na firigisi uliofichwa tumboni. Vilio vimekuwa vingi hata kampuni ya Butterball, inayouza ndege hao, ikaanzisha namba ya simu ya kuwasaidia wapishi mwaka 1981. Namba hiyo inapigiwa mpaka leo.

Mafia namba hiyo haipo. Kuna jirani. Unapaza sauti juu ya ua wa makuti, na msaada unakuja na mwiko mkononi.

Tatizo la kwanza la wapishi wengi ni jogoo mwenyewe. Wa kienyeji aliyekula miaka yake kisiwani haivi kwa haraka. Utani wa sikukuu husema supu imeiva, vitunguu vimeiva, hata mpishi ameiva kwa moto, jogoo bado anafikiria. Dawa inajulikana: papai bichi. Lina kimeng'enya kinacholainisha nyama. Kuna linalosagwa kidogo na kupakwa, kisha nyama inaachwa nusu saa hivi kabla ya kupikwa. Ukizidisha au ukimsahau usiku kucha, nyama inakuwa kama uji, na mgeni anauliza kama hiyo ni mchuzi au bokoboko.

La pili ni chumvi. Mama ametia. Wifi amepita, ameonja kwa macho, naye akatia. Bibi, ambaye hamwamini yeyote kati yao, ametia ya tatu. Sufuria ya watu 20 ina wapishi watatu na hakuna anayekiri. Wapo wanaotupia viazi wakitumaini vitafyonza chumvi yote, lakini viazi havina uwezo huo. Njia ya uhakika ni kupika wali mweupe usio na chumvi na kuuchanganya na ule pilau. Mtakula sana, lakini mtakula.

La tatu ni kuungua. Makaa yamepaliwa juu ya mfuniko, mpishi kaenda kumvisha mtoto kanzu, na harufu inafika barazani kabla yake. Usikoroge. Hamishia pilau la juu kwenye sufuria nyingine, la chini liache palepale. Ukoko usiokuwa mweusi una wateja wake, nao ni watoto.

Halafu kuna wageni. Boti ya kutoka Nyamisati imeshusha watoto wa mjini waliokuja kwa bibi. Bibi anamwambia mmoja wao: "Nenda nyumba ya pili ukaniletee mbuzi." Mtoto anakwenda. Baada ya muda anarudi analia, amefungwa kamba kiganjani, na nyuma yake yuko beberu anayegoma kutembea. Hajui kwamba kuna mbuzi asiyekula majani, mwenye ulimi wa chuma, anayekaliwa wakati wa kukuna nazi. Katika kisiwa cha minazi kama Mafia, kichekesho hiki hakichakai, maana kila sikukuu huja na mtoto mpya wa mjini.

Yote hayo huisha kwa kicheko. Lipo moja lisilochekesha. Siku ya sikukuu majiko huwa chini uani, masufuria ni makubwa kuliko ya kila siku, na watoto wanakimbia na nguo mpya ndefu. Ajali ya moto au ya supu ya kuchemka huchukua sekunde moja. Kwa familia ya Chole, Juani au Jibondo, kufika hospitali Kilindoni ni kupanda chombo kwanza. Kwa hiyo mzazi aweke mpaka kabla ya kuwasha moto: mtoto asivuke mstari wa jiko, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni watoto tu, si vitunguu.

Mtoto akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Vua nguo isiyoganda kwenye ngozi, funika jeraha kwa kitambaa kisafi, na mpeleke kwa mganga wa kituo cha afya.

Huyo mtu mzima wa kuwaangalia watoto si lazima awe mama. Katika nyumba nyingi, mama huiona Idi kupitia moshi: wengine wametoka kuswali, wamepeana mikono, wamepigwa picha, yeye bado anapuliza makaa. Baba akirudi kutoka msikitini anaweza kuchambua mchele, kukuna nazi, au kuwashika wadogo kwa saa mbili. Chumvi tu ndiyo asiiguse.

Na pilau likiungua, watoto watamtazama mama usoni kabla ya kulitazama sinia. Akigomba, sikukuu hiyo itakumbukwa kwa ugomvi. Akicheka, mwaka ujao watakaa mkekani waanze: "Mnakumbuka lile pilau?" Na kila mtu atataka kulisimulia yeye.