Nitanie, Ila Mkoba Wangu Usiuguse

Katika viwanja vya kuruka kwa miavuli nchini Marekani, anayepata leseni yake ya kwanza hapewi mkono wa pongezi peke yake. Leseni hiyo, inayoitwa A, humtaka mtu awe ameruka angalau mara 25, awe amepimwa na mwalimu namna anavyokunja mwavuli wake, anavyouongoza na anavyotua, na kadi yake iwe imejazwa hadi mstari wa mwisho. Kadi ikishatimia hugongwa mhuri. Kisha mhuri uleule, wino ukiwa bado mbichi, hugongwa kwenye paji la uso wake huku wenzake wakishangilia, na jioni yake atawanunulia kreti la bia. Atakapofikisha mruko wa 100, atatafutwa akiwa hana habari na kubandikwa sahani nzima ya krimu usoni. Atajifuta macho akicheka, na picha yake itapigwa kabla hajamaliza kujifuta.

Kwa mzaha wa aina hiyo hakuna anayeomba ruhusa. Aliyelala hemani karibu na uwanja anaweza kuamka akute viatu vyake vimejaa povu la kunyolea ndevu. Mgeni hutumwa karakana akalete ndoo ya upepo wa pangaboi, naye huenda mbio, na kila anayemuuliza anamwelekeza kwa mwingine. Daftari la miruko, ambalo kila mmoja humpa mwenzake aliyeruka naye atie sahihi kama shahidi, hurudi likiwa limechorwa vikaragosi na kuandikwa maneno ambayo mwenyewe asingependa mama yake ayasome. Na anayefanya jambo lolote kwa mara ya kwanza hudaiwa bia: ndege asiyowahi kuipanda, uwanja mpya, mkoba mpya. Ole wake atakayesema kwa sauti, "Hii ni mara yangu ya kwanza," kwa maana watu kumi watageuka kwa pamoja.

Lakini shika mkoba wa mrukaji, ule unaobeba miavuli yake mgongoni, bila kumwambia. Watu walewale waliokuwa wakicheka watanyamaza, na atakayekufuata kukuuliza hatakuwa na uso wa mzaha.

Nimeona watu wakiwaita warukaji jamii ya wahuni wasiojali lolote, kwa kuwa wanajitupa kutoka angani na kurushiana krimu. Anayesema hivyo ameitazama nusu tu ya maisha yao. Hawa ni watu wenye miiko mikali kuhusu mali ya mtu, na sidhani kama mizaha yao ingewezekana bila miiko hiyo. Kwa sababu kila mtu anajua mzaha utakomea wapi, mtu anaweza kuuacha uso wake mikononi mwa wenzake.

Ingia kwenye banda la kukunjia miavuli mchana wa Jumamosi, iwe ni Perris kule California, Eloy kule Arizona au DeLand kule Florida. Sakafuni kumetandikwa mazulia. Mikoba imelazwa imefunguka, na kutoka kwenye kila mkoba kamba nyembamba zimenyooshwa hadi kwenye kitambaa cha nailoni. Mkunjaji amepiga magoti. Anapanga mikunjo mmoja mmoja, anatazama kamba za breki, anautoa hewa mwavuli kwa kuulalia kwa kifua, kisha anauingiza kwenye mfuko wake na kuzipanga kamba kwenye mipira ya kuzibana. Mgeni akikatisha katikati ya banda kwa kuzivuka kamba za mtu, atasikia sauti kutoka pande zote. Kinywaji hakiletwi hapo, na sigara ndiyo kabisa. Ukitaka kupita, unazunguka, hata kama mlango uko hatua tatu mbele yako. Ncha ya kiatu ikinasa kamba moja na kuihamishia upande mwingine, mkunjaji aliyekuwa ameinamia kitambaa hataona, na kosa hilo litasafiri naye hadi mita 4,000.

Kutoka huko juu hadi wakati wa kufungua mwavuli ni kama dakika moja, mtu akishuka kwa kasi ya takriban kilomita 190 kwa saa. Hakuna nafasi ya kurudi kuuliza nani alipita bandani. Mrukaji ana miavuli miwili mgongoni, mkuu na wa akiba, na wengi huongeza kifaa kidogo cha kielektroniki kama Cypres, kilichoanza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Airtec ya Ujerumani. Kifaa hicho hupima kasi na kimo. Kikiona mtu amefika karibu mita 225 kutoka ardhini na bado anaporomoka, hukata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba ili ufunguke wenyewe. Ni msaada mkubwa, na umeokoa watu wengi. Lakini hakiwezi kuunga kamba iliyokatwa wala kurudisha kiungo kilichoondolewa. Kikifanya kazi yake barabara, bado kinafungua tu kile ambacho mikono ya watu imekipanga.

Sheria ya anga ya Marekani nayo inakwenda na mwiko huo. Mwavuli mkuu lazima uwe umekunjwa na fundi mwenye cheti, au na yuleyule atakayeruka nao, au na mtu anayesimamiwa moja kwa moja na fundi, tena ndani ya siku 180 kabla ya kuruka. Mwavuli wa akiba ni kazi ya fundi mwenye cheti. Akimaliza kuukunja, huzungushia pini uzi mwembamba, kwa kawaida mwekundu, na kuubana kwa kipande cha madini ya risasi chenye alama yake mwenyewe. Uzi huo hukatika kwa mvuto mdogo tu, nao haukuwekwa ili kuzuia mkono wa mtu. Uliwekwa ili mkono ukipita ujulikane. Mrukaji anapouchukua mkoba wake asubuhi, uzi ule ni miongoni mwa vitu anavyovitazama mwanzo.

Desturi zao za kugusana zinatoka hapo. Ndani ya ndege watu hubanana kama abiria wa daladala jioni, magoti yakigusa migongo, na bado kila mmoja huchunga vishikio vyake na vya jirani. Kuna kishikio cha kufungua mwavuli mkuu, cha kuuachia ukiharibika, na cha kufungua ule wa akiba. Mwenzako akitaka uitazame pini yake mgongoni, atageuka na kukuomba. Wewe ukiona kitu kimelegea, unamwambia kwanza, ndipo unagusa. Mlango ukiwa wazi adabu huzidi, maana mwavuli mdogo unaovuta ule mkubwa ukichomoka na kudakwa na upepo, unaweza kumng'oa mtu kitini na kumpiga kwenye mkia wa ndege. Ndege nzima inaweza kuanguka. Hapo hata mcheshi mkuu wa uwanja hukaa kimya na mikono yake mapajani, hadi zamu yake ifike na watu wagonganishe ngumi kuagana.

Kuna matukio mawili ambayo warukaji wa Ulaya hawayatamki kwa urahisi. Novemba 2006, mwanamke mmoja aliruka juu ya Opglabbeek nchini Ubelgiji na miavuli yake yote miwili ikashindwa. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani mrukaji mwenzake kwa mauaji na kumfunga miaka 30. Aprili 2015, katika uwanja wa Netheravon nchini Uingereza, mwanamke mwingine alianguka vivyo hivyo, akanusurika kwa kuwa aliangukia shamba lililolimwa karibuni. Wachunguzi walikuta viungo vya mwavuli wake wa akiba vimeondolewa. Mume wake, askari wa jeshi, alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 18. Katika kesi zote mbili aliyeshtakiwa alikuwa mtu wa ndani, anayejua miavuli, ambaye hakuna aliyeshangaa kumwona karibu na mkoba. Mwiko ulikuwapo tangu zamani. Kesi hizi zimemfanya hata mgeni aelewe kwa nini hakuna anayekubali neno "nilikuwa natania tu" pale mkoba unapohusika.

Mizaha yenyewe ina ukoo wa kijeshi. Mchezo huu ulikua Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1959 Jacques Istel alifungua kituo cha kuruka cha Orange, Massachusetts, ambacho kiliwafungulia mlango raia wa kawaida. Kwa askari wa miavuli, kupokewa kundini kulikuwa na maumivu yake. Mwaka 1997 televisheni za Marekani zilionyesha mikanda ya wanamaji wakipigiliwa beji za mabawa kifuani hadi pini zikaingia nyamani na damu ikatoka, nayo Wizara ya Ulinzi ikalaani. Nafurahi kwamba raia waliuchukua moyo wa sherehe ile wakaiacha pini. Krimu huoshwa kwa maji, na wino wa mhuri hufutika baada ya siku chache. Mtu aliyepakwa anarudi nyumbani mzima na mkoba wake mzima.

Msomaji wa kwetu huenda akaliona jambo hili limegeuzwa juu chini. Katika utani wa makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, mali ndiyo inayoguswa. Mtani hufika msibani akanyakua kofia ya mfiwa au kuku wa nyumba, akazuia kaburi hadi apewe fedha, na mwenye msiba hana ruhusa ya kukasirika. Warukaji wamefanya kinyume: mwili wa mwenzao wameuweka wazi kwa mzaha, na kitu chake wamekifungia. Ni jambo lenye maana kwao, kwa kuwa kitu hicho ndicho kitakachokuwa mwili wake kwa ile dakika moja.

Hata hivyo kuna kitu kimoja kidogo ambacho kila mmoja humchukulia mwenzake bila haya. Ni utepe mwembamba unaopitishwa kwenye kitanzi cha mkoba ili kukivuta hadi pini iingie. Pini ikishakaa, utepe huchomolewa. Huo hauruki na mtu. Unaachwa sakafuni, unaokotwa na anayekunja pembeni, unaishia mfukoni mwa mtu wa tatu, na aliyekuja na utepe wa rangi ya samawati huondoka na wa kijani wenye jina la kiwanda asichokijua. Nimeupenda utaratibu huo, kwa maana unaonyesha kwamba hawa si watu wachoyo. Wameangalia kila kitu na kujiuliza kama kinapanda ndege au kinabaki chini.

Kwa jambo moja sikubaliani nao. Ni ule mzaha wa mwalimu kumwambia abiria aliyefungwa kifuani pake, mlango ukiwa umeshafunguliwa, kwamba na yeye leo ni mara yake ya kwanza. Au mwingine kuonyesha skrubu kiganjani na kuuliza imetoka wapi. Popote watu wanaporuka kwa mtindo huo wa wawili wawili, hata Diani kwenye pwani ya Kenya ambako wanatua mchangani, abiria hajui mipaka wanayoijua wao. Hajui kwamba mkoba hauguswi kwa mzaha, hivyo hawezi kucheka akiwa na amani. Mrukaji mzoefu akiambiwa hivyo anacheka kwa kuwa ameutazama uzi mwekundu kwa macho yake. Abiria hakuutazama, na pengine hajui kama upo. Walimu wazuri huyaacha maneno hayo na kumsubiri atue ndipo wamtanie.

Upande wa pili wa mwiko huu huonekana siku mwavuli mkuu unapokataa. Tangu Bill Booth alipobuni ule mtindo wa pete tatu katika miaka ya 1970, mrukaji huvuta kishikio kimoja na mwavuli wote mbovu unamwacha, kisha anafungua wa akiba. Anatua salama. Lakini mwavuli wake mkuu unapeperuka peke yake, na mfuko uliokuwa na ule wa akiba unaanguka kwingine, na vitu hivyo ni ghali. Hapo wale waliompaka krimu mwezi uliopita huacha miruko yao waliyokwisha kuilipia. Wenye magari wanawasha, rubani anaeleza aliona kitambaa kikielekea wapi, na watu wanajipanga mstari kuingia kwenye shamba la mahindi wakipanua mabua kwa mikono. Wapo wanaotafuta hadi giza linaingia na kurudi kesho yake. Kitambaa kikipatikana hakikunjwi wala kuburutwa. Hubebwa kwa mikono miwili hadi kwa mwenyewe, au kwa fundi kama kamba zimenasa miibani, na fundi hukikagua inchi kwa inchi kabla mtu yeyote hajakiita kizima.

Jioni hiyo kuna madeni ya kulipa. Taa ya bia, kama wanavyoiita, haiwashwi hadi ndege ya mwisho itue na watu wote wahesabiwe, kwa kuwa sheria inakataza kuruka umelewa na desturi inakataza hata kufungua chupa mapema. Ikishawaka, aliyeokoka hununua kreti, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuachia mwavuli. Aliyeuokota mfuko shambani hudai chake. Na fundi aliyeukunja mwavuli wa akiba, pengine miezi mitano nyuma na akiwa kwenye uwanja mwingine kabisa, huletewa chupa ya kinywaji anachokipenda yeye. Kwa hiyo mrukaji hulitafuta jina kwenye kadi iliyokaa mfukoni mwa mkoba, ambayo fundi aliitia sahihi na tarehe, na kupiga simu kuuliza ni chupa ya aina gani.