Collin Sekajugo na Picha Zisizo na Mwenyewe

Stock Image ni mfululizo wa michoro ambao mchoraji wa Uganda Collin Sekajugo ameushughulikia tangu mwaka 2012. Mada yake ni picha za kibiashara zinazopigwa bila mteja maalumu, zikahifadhiwa kwenye maktaba za intaneti, na kuuzwa kwa yeyote anayetafuta sura ya furaha, ya mafanikio au ya familia iliyotulia.

Biashara hiyo ina taratibu zake. Mpiga picha hukodi watu, huwavisha nguo zisizo na nembo wala dalili ya mahali, huwaketisha kwenye sebule au ofisi ambayo ingeweza kuwa popote, kisha huipa picha maneno ya utafutaji: mama, daktari, benki, ushindi. Getty Images ilianzishwa mwaka 1995 na Shutterstock mwaka 2003. Leo mhariri wa Kampala anaweza kununua picha ileile anayoinunua mwenzake wa Oslo. Kadiri picha inavyokosa mwenyewe, ndivyo inavyouzika. Katika hatua zote hizo huenda asiwepo aliyedanganya, maana mwanamke aliyepigwa picha alitabasamu kweli mbele ya kamera. Upotoshaji huingia baadaye, picha inapowekwa kando ya habari isiyomhusu na msomaji akaipokea kama ushahidi. Tena, mtu anayesimama katika picha hizo kwa niaba ya binadamu wote, kwa miaka mingi amekuwa Mzungu.

Sekajugo, aliyezaliwa Masaka mwaka 1980, alianzia hapo. Kabla ya kujulikana kwa mfululizo huu alikuwa tayari mjenzi wa taasisi: mwaka 2007 alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Ivuka mjini Kigali, na baadaye akaanzisha Weaver Bird, kituo cha sanaa cha jamii huko Masaka. Katika Stock Image huchukua mpangilio wa picha ya kibiashara kama ulivyo, pozi na fanicha pamoja na ule uchangamfu wa kulipiwa, kisha huwaweka Waafrika mahali palipokuwa pa Wazungu. Mtazamaji huitambua picha kabla ya kuwatambua watu waliomo, na hapo hugundua kwamba pozi lenyewe alikwisha kulizoea.

Kubadilisha nyuso tu, hata hivyo, hakutoshi, na historia ya Kampala yenyewe inatoa ushahidi. Julai 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, alibebwa kwenye kiti mabegani mwa Waingereza wanne, mbele ya kamera. Lilikuwa igizo la kuigeuza picha ya kikoloni: aliyezoea kubebwa sasa anabeba. Picha hiyo ilizunguka dunia, na wengi waliifurahia. Lakini haikusema neno juu ya waliokuwa wakitoweka nchini miaka hiyohiyo. Picha iliyogeuzwa kichwa chini inaweza kubaki propaganda vilevile.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2019, Jumba la Makumbusho la Uganda lilipofungua maonyesho ya picha za zama za Amin kutoka hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa, UBC. Negativu zipatazo 70,000 zilikuwa zimehifadhiwa kwenye bahasha ndani ya kabati, na nyingi hazikuwahi kusafishwa kuwa picha za karatasi. Wapiga picha wa serikali walikuwa mafundi hodari. Walichopiga ni sherehe, hotuba, ziara na umati wa watu. Mahabusu na waliouawa hawamo. Waandalizi walikabiliwa na swali gumu: picha za kweli, za matukio yaliyotokea kweli, zitundikwe vipi ukutani bila kuurudia uongo wa aliyeziagiza? Sehemu ya jibu lao ilikuwa kuwakumbusha watazamaji, kando ya picha hizo, habari za waliouawa na utawala huo.

Sekajugo anajibu swali hilohilo kwa malighafi, na hapo ndipo kazi zake zina nguvu zaidi. Juu ya rangi ya akriliki huongeza karatasi, vitambaa na, muhimu kuliko vyote, nguo ya magome ambayo Waganda huiita olubugo. Gome la ndani la mti wa mutuba huchunwa, shina likafungwa majani ya mgomba lipate kupona, kisha gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo hadi lilainike na kutanuka. Likikaushwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Matundu yake hushonwa, na mshono hubaki ukionekana. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu. Ni vazi la wafalme na sanda ya maziko, lenye asili yake na jina la mti wake. Picha ya maktaba haina hata kimoja kati ya hivyo. Ikibandikwa olubugo, hukosa ule ulaini uliokuwa ukimfanya mtazamaji asahau kwamba kuna mtu aliyeitengeneza. Kazi zinazotegemea kubadilisha nyuso pekee huishiwa haraka. Zile ambazo gome limeachwa lionekane zinaendelea kuuliza.

Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda la taifa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Biennale ya Venezia. Sekajugo alionyesha humo pamoja na Acaye Kerunen, chini ya msimamizi Shaheen Merali, na jopo la waamuzi likalipa banda hilo tuzo ya kutajwa kipekee. Heshima hiyo ya ugenini ni halali, lakini swali la Stock Image linaihusu Kampala kwanza, mji wenye hifadhi ya negativu za serikali na mafundi wa olubugo walio hai. Ukumbi wa Nommo ulioko Nakasero, uliofunguliwa mwaka 1964 na ambao ndio ukumbi wa taifa wa sanaa, uupokee mfululizo huu kwa ukamilifu, na kuta za jirani zipewe picha za UBC. Wanafunzi waingie bure.