Nani Alipie Reli, Daraja na Ajira? (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi bajeti ya Serikali inavyopangwa, na kwa nini kodi peke yake haiwezi kujenga reli, mabwawa na madaraja kwa kasi ambayo wananchi wanaidai. Leo tunaingia kwenye kiini cha ubishi. Fedha inayopungua itoke wapi, na mzigo wake umwangukie nani?

Niseme mapema ninachokiamini, ili msomaji apate kunipima. Mradi ambao mapato yake yatakuwa shilingi haufai kujengwa kwa deni la kibiashara la dola. Hata kama kazi imefanyika vizuri, hata kama hakuna aliyechukua senti isiyo yake, deni la namna hiyo linaweza kuugeuza mradi mzuri ukawa mateso kwa walipakodi. Jirani zetu wa Kenya wametupa ushahidi ulio wazi, na itakuwa dhambi tusiposoma.

Mei 2014 Serikali ya Kenya ilikopa Benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mikopo ilikuwa miwili, kila mmoja wa takriban dola bilioni 1.6. Wa kwanza ulikuwa wa masharti nafuu: riba ya asilimia 2, muda wa miaka 20, na miaka 7 ya mwanzo bila kurejesha mtaji. Wa pili ulikuwa wa kibiashara. Muda wake miaka 15, na riba yake haikuwa ya kudumu: ilifuata kiwango cha soko la London kilichojulikana kama Libor, kisha ikaongezwa asilimia 3.6 juu yake. Reli hiyo ya kilomita 472 ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ikiwa imegharimu Sh bilioni 327 za Kenya.

Siku mkataba uliposainiwa, kila kitu kilionekana kutulia. Dola moja ilikuwa kama shilingi 87 za Kenya, na Libor ilikuwa chini ya asilimia 1. Lakini kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba ili kudhibiti mfumuko wa bei nchini mwake, na mwaka 2023 riba hiyo ikavuka asilimia 5. Mkopo wa kibiashara wa reli ukajikuta unadai riba inayokaribia asilimia 9. Mwaka huohuo shilingi ya Kenya ilianza na takriban 123 kwa dola na kumaliza na takriban 157. Januari 2024 ikagusa 160. Abiria anayetoka Mombasa kwenda Nairobi hana dola mfukoni. Mfanyabiashara wa soko la Gikomba ambaye kontena lake limepita relini anauza nguo zake kwa shilingi. Uamuzi uliopitishwa Washington kwa ajili ya bei za vyakula huko Marekani uliongeza deni la reli inayopita Voi na Mtito Andei, na hapakuwa na mtu yeyote Nairobi aliyeweza kuuzuia.

Yapo pia yaliyofuata kwa upande wa ajira, ambayo kwa maoni yangu ni mazito kuliko riba. Ili reli ipate mapato ya kulipia deni, Mamlaka ya Bandari ya Kenya iliingizwa katika makubaliano ya kuihakikishia reli kiasi fulani cha mizigo. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena yote yanayokwenda Nairobi na kwingineko bara yasafirishwe kwa reli. Mombasa iliwaka. Madereva wa malori, matingo, mawakala wa forodha, wenye bandari kavu, mafundi magari, mama ntilie wa Mariakani, wote walikuwa wakila kwenye barabara ile. Watu waliandamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaitengua amri hiyo, na Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa. Reli ilipokuwa ikinadiwa, wananchi walitajiwa ajira zitakazopatikana kwenye ujenzi. Kazi ambazo deni lingekuja kuzikaba hazikuwekwa kwenye hesabu hiyo. Kwa hiyo anayesema mradi utaleta ajira na aulizwe pia utaondoa zipi, na kwa nani.

Oktoba 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, alitangaza kwamba mikopo ya reli imehamishwa kutoka dola kwenda yuan ya China, ambako riba iko chini, na kwamba hatua hiyo itaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka. Ni nafuu ya kweli, ila Kenya bado inadaiwa kwa fedha isiyochapwa Nairobi.

Wapo wachumi wenye hoja nzito dhidi yangu, na wanastahili kusikilizwa. Wanasema njia inayobaki, kukopa ndani, ni ghali. Mwaka 2021 hati fungani ya Serikali ya Tanzania ya miaka 25 ilikuwa inalipa riba ya asilimia 15.95, ilipopunguzwa mwaka uliofuata ikawa asilimia 12.56. Ukiilinganisha na asilimia 2 ya Exim, nani mwenye akili atachagua 12? Tupige hesabu. Kutoka mwaka 2014 hadi mwishoni mwa 2024, shilingi ya Kenya ilitoka kama 87 hadi kama 129 kwa dola, wastani wa asilimia 4 hivi kwa mwaka. Ongeza asilimia 4 juu ya ile 2, unapata 6. Hapo wachumi hawa wana haki: mkopo nafuu wa kweli unabaki kuwa nafuu, na nchi maskini ingekuwa na kichaa kuukataa. Sasa chukua ule wa kibiashara. Karibu asilimia 9 ya riba, ongeza 4 ya kuporomoka kwa shilingi, unafika 13. Hiyo ndiyo bei ya kukopa nyumbani, isipokuwa kwamba riba inayolipwa nyumbani inaingia kwenye mifuko ya pensheni, benki na akiba za watu wetu, na haibadiliki usiku wa manane kwa sababu ya kikao cha Washington. Ndiyo maana nikasema deni la kibiashara. Sina ugomvi na mkopo nafuu.

Reli ya TAZARA inatukumbusha kwamba hata mkopo wa nje unaweza kupangwa kwa akili. Reli hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya wakopeshaji wa Magharibi kusema haitalipa. Vyuma, mashine na wataalamu vilitoka China. Lakini vibarua wa Kitanzania na wa Kizambia walipaswa kulipwa shilingi na kwacha. Shilingi hizo zingetoka wapi? Zilipatikana kwa kuuza madukani bidhaa za Kichina zilizoletwa kwa mkopo huohuo: vitambaa, vyombo, baiskeli. Mpango ule ulikuwa na kasoro, kwa sababu nchi zetu zilibanwa kununua shehena kubwa kutoka kwa muuzaji mmoja. Hata hivyo aliyeupanga alikuwa amejiuliza swali sahihi: mshahara wa kibarua unalipwa kwa fedha gani, na fedha hiyo itaingiaje?

Swali hilo limejibiwa vizuri zaidi Tanga. Februari 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hati fungani ya kijani ya Sh bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Ilikuwa mara ya kwanza kwa taasisi ya aina hiyo nchini kwenda moja kwa moja kwa wawekezaji badala ya kusubiri fungu kutoka Dodoma, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Fedha zinakwenda kwenye mitambo na mabomba, ili uzalishaji wa maji upande kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku. Deni ni la shilingi na ankara za maji zinalipwa kwa shilingi. Hati hizo zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo mamlaka inalazimika kuchapisha hesabu zake ili wenye fedha wazione. Hii faida ya mwisho naipenda kuliko zote. Shirika la umma ambalo halikuzoea kuulizwa sasa linaulizwa na watu ambao akiba zao zimo ndani.

Njia hii nayo ina mipaka. Serikali na mashirika yake wakijaa sokoni kutafuta shilingi, benki hukaa raha na hati fungani, na mwenye duka Kariakoo au mkulima wa mpunga Mbarali akija kuomba mkopo hukuta mlango mwembamba na riba kubwa. Ajira ambazo angezitoa yeye hazionekani katika takwimu za mradi wowote. Kwa hiyo kukopa ndani kutengewe miradi yenye mapato yanayoonekana, kama maji na umeme. Kusitumike kuziba kila pengo la bajeti.

Kuna njia ya tatu, ya kumtoza mtumiaji. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF ulitoa asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40. Fedha za NSSF ni michango ya wafanyakazi, lazima zirudi, na ndiyo sababu magari yanalipa tozo. Wakazi wa Kigamboni wamelalamika tangu siku ya kwanza, na mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Wengi huwabeza wakisema anayelipa anakwepa foleni ya pantoni. Mimi naona hoja yao ni ya haki. Daraja la Tanzanite pale Oysterbay, ambako wanapita wenye magari mazuri, halina tozo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 2025 kwa gharama ya zaidi ya Sh bilioni 700, halina tozo. Kwa nini mkazi wa Kigamboni alipe anapokwenda kazini, na pia achangie kwa kodi yake madaraja ya wenzake? Tozo inafaa pale ambapo kanuni moja inawabana wote. Vinginevyo ni adhabu kwa walioanza kujengewa.

Na fedha za pensheni ziguswe kwa hofu. Serikali yetu iliacha deni la mifuko hiyo likue miaka mingi, hadi Desemba 2021 ilipotoa hati fungani maalumu ya Sh trilioni 2.17 kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ili kulipa deni la michango ya kabla ya mwaka 1999. Mwalimu mstaafu hawezi kungoja namna hiyo.

Nirudi kwenye ajira, kwa sababu hapo ndipo wanasiasa husema mengi na kuonyesha machache. Septemba 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), takriban Sh trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Ujenzi uliendeshwa na shule na halmashauri zenyewe, bila mkandarasi mkubwa. Mafundi wa mtaani walipata kazi, maseremala walitengeneza madawati, wenye mchanga, kokoto na tofali waliuza. Kazi kama ile husambaza mshahara hadi vijijini. Daraja kubwa haliwezi kujengwa hivyo, nakubali. Lakini barabara za udongo, mifereji, zahanati na madarasa yanaweza, na sioni sababu ya kuyapeleka kwa kampuni inayokuja na vibarua na vyakula vyake.

Hata hivyo fundi anapata ajira pale tu anapolipwa. Wakandarasi wetu wa ndani hukaa miezi na hati za madai zilizokwisha idhinishwa. Wao wanakopa benki, riba inawala, vibarua wanaondoka bila ujira. Benki ya CRDB iliuza hati fungani ya miundombinu iliyopewa jina la Rais Samia ili kuwakopesha wakandarasi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ilitafuta Sh bilioni 150, ikapata zaidi ya bilioni 320. Wananchi wana akiba na wako tayari kuikopesha nchi yao. Kenya nayo iliweka rehani Sh 7 za tozo ya kila lita ya mafuta ili kupata fedha za kuwalipa wakandarasi wake. Njia zote mbili ni dawa ya ugonjwa ambao Serikali ingeweza kuuzuia: kusaini kazi ambayo fedha zake hazijulikani zilipo.

Mkataba wa reli ya Kenya ulikaa gizani kwa miaka 8. Sehemu zake zilitolewa hadharani Novemba 2022, wakati treni zilikuwa zimeshakimbia miaka mitano na marejesho yameanza. Sisi tuna nafasi ya kufanya tofauti. Bunge la Bajeti likikaa Dodoma, mwandikie mbunge wako, ewe msomaji, umtake aulize kuhusu kila mradi mkubwa: deni lake ni la fedha gani, riba yake inapanda au imefungwa, mkataba uko wapi, na mkandarasi wa mwisho alilipwa lini. Akishindwa kukujibu, usikubali apige kura ya ndiyo kwa niaba yako.